Aliitwa Mtumwa, akafa akiitwa Siti!

Msomaji wangu, mwenzenu nimeletewa posa. Usipige vigelegele kwanza, maana posa yenyewe imeingia mchanga.

Siku walipokuja wageni mimi nilikuwa chumbani, sikio nimelibana mlangoni kama mpelelezi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka shangazi wa mwanaume alipoweka kikombe chini na kuuliza, "Na nyinyi kwa asili ni watu wa wapi hasa?" Mama akajibu Unguja. "Unguja ya wapi? Kabila gani?" Hapo mama yangu, mwanamke asiyeshindwa na mtu sokoni, akaanza kukohoa.

Siku mbili baadaye maneno yakanifikia. Eti shangazi mtu kasema wale hawana ukoo, ni vijukuu vya watumwa, kijana wetu atafute kwingine. Lo! Nililia mpaka macho yakavimba. Halafu nikapanda daladala hadi Magomeni kwa bibi yangu, mama yake mama, mwenye miaka themanini na ushei.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Nani kakuliza?"

Nikamweleza. Nilidhani atakasirika. Wapi! Bibi aliinuka polepole, akafungua sanduku lake la mbao na kutoa kanga moja kuukuu, rangi imekufa, pindo limeliwa. "Hii ya bibi yangu mimi," akasema. "Aliyenilea Ng'ambo. Kaa nikwambie."

KANIKI HAINGII NDANI

Bibi yake bibi alizaliwa mtumwa. Alikuwa mtoto mdogo mwaka 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kufuta utumwa Unguja. Lakini usidhani siku hiyo watu waliamka wote huru. Mtumwa ilibidi aende mahakamani mwenyewe kuomba uhuru wake, na masuria hawakuhesabiwa kabisa mpaka ilipotoka sheria nyingine mwaka 1909.

Enzi za utumwa nguo zilisema kila kitu. Mwanamke mtumwa alivaa merikani, ile nguo nzito ya pamba iliyoletwa na meli za Wamarekani, au kaniki, yaani merikani iliyotiwa rangi ya giza. Kujifunika uso hakuruhusiwa. Hiyo ilikuwa heshima ya waungwana. Mwanaume mtumwa naye hakuvaa kofia wala viatu. Ukimwona mtu njiani unajua ni nani na nani anammiliki.

Sasa ndipo ikaja ile vita kuu ya kwanza. Unguja waliionja mapema, maana Septemba 1914 manowari ya Wajerumani iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, pale pale bandarini. Vita ikaisha 1918, na miaka ishirini iliyofuata, mpaka ilipozuka ya pili mwaka 1939, ndiyo iliyowageuza watu wa Ng'ambo.

Waliotoka utumwani walihamia mjini kwa wingi, wakajenga vibanda vya udongo ng'ambo ya ule mkono wa bahari uliowatenga na Mji Mkongwe. Na kitu cha kwanza walichobadilisha ni nguo. Wanawake walitupa kaniki wakajifunga kanga za maua na rangi, doti kwa doti, toleo jipya likifika dukani wanagombania. Kisha wakavaa buibui. Leo binti akivaa buibui wapo wanaomwona mshamba. Kwa wale, buibui lilikuwa tangazo la kwamba mimi sasa ni mtu huru, uso wangu ni wangu, namwonyesha nimtakaye.

"Bibi yangu hakuruhusu kaniki kuingia nyumbani mwake," bibi akaniambia. "Hata ya kufutia sufuria. Alipofiwa na mumewe watu walimletea kaniki ya kukalia msiba. Aliirudisha."

KABILA LILICHAGULIWA

Nikamuuliza, sasa sisi kabila letu nini? Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Bibi yangu kabila alilichagua kama anavyochagua kanga dukani!"

Na si yeye peke yake. Serikali ya Waingereza ilihesabu watu Unguja mwaka 1924, wengi mno wakajiandikisha kuwa Waswahili, jina ambalo waliotoka utumwani walilichukua ili wasiitwe watumwa. Wakahesabu tena 1931, Waswahili wamebaki wachache ajabu. Hawakufa, wala hawakuhama. Wengine sasa walijiita Washirazi, wengine Wahadimu, kila mtu akitafuta jina litakalomfaa. Waliokuwa wageni miaka ile ya kwanza sasa walijihesabu wenyeji wa kisiwa.

Halafu wakaanza kudai. Mwaka 1928 wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja kwa matajiri waliojidai ardhi yote ni yao. Bibi yake bibi alikuwamo. Kapewa uhuru, kajenga kibanda kwa mikono yake, halafu anadaiwa kodi ya mchanga uliopo chini ya kibanda! Ikawa patashika, mpaka serikali ikalazimika kuingilia na kuziwekea kodi zile mpaka.

MUUZA VYUNGU APANDA MELI

Lakini, msomaji wangu, aliyenifuta machozi ni mwanamke mwingine kabisa.

Alizaliwa Fumba, kijijini, miaka ya 1880 hivi. Baba Mnyamwezi, mama Mzigua, wote wa damu ya utumwa. Na jina alilopewa na wazazi wake ni Mtumwa. Ndiyo, Mtumwa binti Saad! Alifinyanga vyungu na kutembea navyo hadi mjini akiuza, na watu walimjua kwa sauti yake kabla hawajamwona. Kusoma na kuandika hakujua.

Mwaka 1911 hivi akahamia mjini. Akajifunza muziki, akaimba na wanaume mafundi wa udi na fidla, na huko mjini ndipo alipopewa jina la Siti, maana yake bibi wa heshima. Taarabu ya wakubwa siku zile iliimbwa Kiarabu. Siti binti Saad akaiimba kwa Kiswahili, Kiswahili cha mtaani, akasema ya mahakama, ya wanaume wakatili na ya wanawake wanaoonewa.

Mwaka 1928, mwaka ule ule wa mgomo, yeye na wenzake walipanda meli mpaka Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya HMV, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Zikauzwa pwani yote na bara. Asiye na gramafoni alikwenda mgahawani, akaagiza kikombe kimoja cha kahawa, akakaa nacho jioni nzima.

Unadhani hawakumsema? Walimsema sana. Walimtungia mafumbo ya kumkumbusha alikotoka, kwamba uzuri hana, ukoo hana, jana tu alikuwa na vyungu kichwani. Naye aliwajibu kwa wimbo, kwamba uzuri si kitu, la maana ni akili na tabia. Alifariki Julai 1950, na Shaaban Robert, mwandishi wetu mkubwa, akaandika kitabu kizima cha maisha yake. Waliomcheka, nani leo anayajua majina yao?

Bibi alikuwa mtoto Siti alipokuwa mzee. Anasema bibi yake alikuwa akipita karibu na nyumba ya Siti anapunguza mwendo, hata kama mlango umefungwa.

SASA NAMJIBU NINI SHANGAZI?

Nilirudi nyumbani usiku nikampigia simu mchumba. Nikamwambia kila kitu, sikuficha. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Mbona hukuniambia mapema?" Nikamjibu sikujua mwenyewe. Watu wazima wa kwetu waliifunga habari hii sandukuni pamoja na kanga, wakaona aibu. Mama yangu alikohoa mbele ya wageni kwa sababu na yeye alifundishwa kukohoa.

Dada zangu, hebu tuulizane. Aliyeuzwa na aliyeuza, nani mwenye haki ya kuona aibu? Mimi naona mwanamke aliyetoka mahakamani na uhuru wake mkononi, akanunua kanga kwa jasho lake na kumgomea tajiri, huyo ndiye ukoo. Wengine tunarithi mashamba, mimi nimerithi huyo.

Wageni wanarudi Jumapili. Bibi amesema mama asijisumbue kukohoa, safari hii yeye ndiye atakayekaa barazani kuwapokea. Tayari ameifua ile kanga.

Nitawapasheni yatakayojiri. Niombeeni dua.