Bonde la Ruzizi: pesa za kilimo zinaishia wapi kabla ya kufika Sange?

Ukisimama kwenye ukingo wa mto Ruzizi, Burundi iko mbele yako, karibu kabisa. Udongo ni mmoja, joto ni moja, mpunga ni uleule. Tofauti ni kwamba ng'ambo ile, kwenye bonde la Imbo, serikali ina kampuni yake ya SRDI inayosimamia mpunga wa umwagiliaji, na kwa zaidi ya miaka 10 imekuwa ikilipa sehemu ya bei ya mbolea. Wakulima wa Burundi wana malalamiko yao: wanatanguliza pesa, mbolea inachelewa. Lakini walau wana mahali pa kulalamikia.

Upande wetu, kuanzia Kiliba, Runingu na Sange hadi Luberizi na Luvungi, mkulima anajitegemea. Mfereji ukiziba matope, watu wanaitana salongo na kushika majembe. Barazhi ikipasuka wakati wa mafuriko, shamba linakaa kavu hadi mradi fulani wa wageni upite. Na mfereji wa kilometa kadhaa hauwezi kutunzwa kwa majembe tu. Unahitaji saruji, vyuma, mashine na fundi anayelipwa kila mwaka. Hiyo ni kazi ya serikali.

Ahadi hazijakosekana. Mwaka 2003, huko Maputo, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga 10% ya bajeti zao kwa kilimo. Mwaka 2014 zikarudia ahadi ileile huko Malabo. Januari 2025, mjini Kampala, zikapitisha mpango mwingine wa miaka 10, wa 2026 hadi 2035. Kongo ni mwanachama, na mwaka baada ya mwaka sehemu ya kilimo katika bajeti yetu imebaki mbali sana chini ya kiwango hicho. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 iliweka hata mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo. Rais Félix Tshisekedi naye amekuwa akisema kwamba udongo lazima ulipize kisasi kwa madini yaliyo chini yake. Maneno matamu kwa mtu wa Luberizi, ambaye hana mgodi.

Tena si kweli kwamba Kinshasa haijawahi kutoa pesa nyingi kwa kilimo. Ilitoa, Bukanga Lonzo. Bustani hiyo kubwa ya kilimo ilizinduliwa mwaka 2014, kilometa zaidi ya 200 kutoka Kinshasa, kwenye eneo la hekta 80,000. Wakaguzi wa fedha wa IGF waliandika mwaka 2020 kwamba serikali ilitoa dola milioni 285, na kwamba sehemu kubwa haikufanya kazi iliyokusudiwa. Tarehe 20 Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu waziri mkuu wa zamani, Augustin Matata Ponyo, miaka 10 ya kazi ngumu. Yeye alikana makosa na kusema ni siasa. Vyovyote iwavyo, mashamba yale hayakulisha Kinshasa, na pesa zile zingetosha kujenga mifereji mingi sana huku kwetu.

Kivu ya Kusini nayo ilipata zamu yake. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 150 kwa mradi wa PICAGL, katika jimbo letu na Tanganyika, kwa ajili ya mpunga, mihogo na maziwa. Mradi kama huo una mwanzo na mwisho. Ukifungwa, ofisi inafungwa na magari yanaondoka. Nani analipa mlinzi wa barazhi? Katiba ya 2006 ilitaka majimbo yabaki na 40% ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao. Jambo hilo halijatekelezwa kama lilivyoandikwa: jimbo linasubiri kile ambacho Kinshasa itarudisha, na usultani wa Bafuliiru, wa Bavira na wa Bonde la Ruzizi wanasubiri nyuma ya jimbo.

Halafu vita. Bukavu ilianguka Februari 2025, na soko kubwa la mazao ya bonde likawa upande mwingine wa mstari wa mapigano. Tarehe 10 Desemba 2025 M23 wakaingia Uvira, makumi ya maelfu wakakimbilia Burundi. Mpunga hausubiri mwenyewe arudi.

Nenda Kalundu uone bidhaa zinazovushwa ziwani kutoka Kigoma. Tanzania iliipa wizara yake ya kilimo shilingi bilioni 294 katika mwaka wa fedha 2021/22. Miaka mitatu baadaye ilikuwa zaidi ya shilingi trilioni 1.2, na pesa nyingi zilielekezwa kwenye umwagiliaji na mbolea ya ruzuku. Sidai kwamba kila shilingi ilifika shambani. Lakini mkulima wa Sange anayepeleka gunia lake Uvira, akilipa kwenye kila kizuizi njiani, anashindana sokoni na jirani aliyebebwa na serikali yake.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji amani wala mkopo: kalenda. Bunge linaanza kikao cha bajeti tarehe 15 Septemba. Ni wakati uleule ambapo msimu A unaanza huku Kivu na mbegu zinatafutwa. Bajeti inayopigiwa kura wakati huo inaanza kutumika Januari, na msimu B unapandwa Februari. Pesa ikichelewa miezi mitatu tu, msimu B umepita. Ikichelewa hadi Septemba, mwaka mzima umekwisha bila mbegu hata moja ya serikali. Kwa hiyo wabunge wa Uvira, wa Kinshasa na wa jimbo, wanaweza kuulizwa maswali mawili rahisi: mwaka uliopita kilimo kiliandikiwa kiasi gani, na kati ya hicho, kiasi gani kilitoka, mwezi gani?