Nguzo Inayofundisha

Kusikia si kuona. Mwalimu aweza kusimulia habari za askari wa Kirumi mchana kutwa, na bado mwanafunzi asiwapate moyoni. Lakini mjini Roma iko nguzo ya marumaru, kimo chake karibu futi 100, iliyokamilishwa mwaka 113 baada ya Kristo kwa kumbukumbu ya vita vya Kaisari Trajan. Imezungukwa na sanamu za kuchongwa tangu chini hata juu, watu wapatao 2,600. Humo askari huonekana wakikata miti, wakijenga ngome, na kuvuka mto Danube kwenda kupigana na Wadakia, katika nchi iitwayo leo Romania.

Sanamu za juu hazionekani vema kwa mtu aliye chini. Kwa bahati, katika miaka ya 1860 nguzo hiyo ilinakiliwa kwa plasta. Nakala moja imo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, nayo imesimamishwa kwa vipande viwili, maana ukumbi haukutosha kimo chake.

Hata hivyo, mwalimu mwenye busara haishii kuonyesha. Nguzo hii ni kazi ya washindi. Wadakia hawakutuachia kitabu cha kusimulia vita hivyo kwa upande wao. Basi, msomaji, kila picha tuiulize: ni nani aliyeichonga, na ni nani aliyekosa wa kumsemea?