Kazi za jadi zioneshwe zikifanyika, siyo kuwekwa kabatini tu



Kila mwezi wa nane ukifika, watu wa Kilosa wenye nauli zao, kuanzia Tindiga hadi Mikumi, wanaelekea Morogoro mjini, viwanja vya Mwalimu Nyerere, kwenye Nane Nane ya Kanda ya Mashariki. Pale utaona ng'ombe wa maziwa, mbuzi, samaki wa kufuga, mbegu na matrekta. Hiyo ni shule ya mambo mapya na ina faida zake.

Leo nataka tuongelee shule ya pili: maonyesho ambayo kazi za zamani zinafanywa mbele ya macho yako na watu wanaozijua. Wenzetu wa Scotland wanayo kwenye matamasha yao ya urithi. Kondoo ananyolewa hapo hapo, sufu inasokotwa, mhunzi anagonga chuma, mbwa anaonesha anavyochunga kundi. Wengi husema mambo haya yalianzia Sweden mwaka 1891, pale Artur Hazelius alipofungua Skansen mjini Stockholm. Alihamisha nyumba za vijijini, akaweka ndani yake watu wa kufanya kazi za enzi hizo, na mifugo yao pembeni.

Je, sisi tunayo? Tunayo, tena siku nyingi. Kijiji cha Makumbusho pale Dar, barabara ya Ali Hassan Mwinyi, kilianzishwa mwaka 1966. Ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Kuna nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kwa saizi yake kamili: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo na nyinginezo. Mafundi wanachonga na kusuka, ngoma zinapigwa. Kuanzia miaka ya 1990 kukawa na siku za utamaduni, ambapo jamii fulani inapewa uwanja ioneshe vyakula vyake, tiba zake, ufundi wake na ngoma zake.

Kwa upande wa wanyama, nenda Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Kwenye sherehe za Bulabo mwezi wa sita, makundi ya Bagalu na Bagika yanashindana kwa ngoma. Wapo wacheza nyoka, na wapo Banunguli wa nungunungu. Watazamaji wengi wanaona maajabu tu, kumbe nyuma yake kuna kazi. Vyama vya nyoka vilikuwa na waganga wa kutibu walioumwa. Wale wa nungunungu walikuwa wakiwafuata wanyama hao waharibifu wa mazao mpaka ndani ya mashimo yao. Ngoma ni sura ya nje ya utaalamu.

Sasa kwanini fundi akiwa kazini ni bora kuliko chombo kilicholala kabatini? Kwa sababu chombo hakisemi kilivyotengenezwa. Chungu ukikitazama utaona umbo, basi. Hutajua kuwa udongo ulichaguliwa, ukatwangwa, ukachanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa ili usipasuke motoni. Hutajua kilianikwa kivulini kwa siku kadhaa maana jua kali lingekitia nyufa. Mkeka hivyo hivyo. Kuchana ukindu, kuupika na rangi, kusuka ukili, kisha kuunga ukili kwa ukili mpaka mkeka ukamilike: yote hayo yapo kwenye vidole vya mama anayesuka. Akiondoka bila mwanafunzi, ameondoka nayo.

Mfano mzuri ni wa Bukoba. Mwaka 1976 mtafiti Peter Schmidt na wenzake waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuru la kuyeyushia chuma. Kazi hiyo ilikuwa imekufa miongo mingi nyuma kwa sababu vyuma vya madukani viliwashinda bei. Wazee waliikumbuka kwa kuifanya: mivukuto, mabomba ya udongo yanayoingia ndani ya tanuru, na shimo la chini lililojazwa matete ya bwawani yaliyochomwa. Kwa mtu wa kawaida matete ni uchafu wa bwawani. Kumbe yalikuwa sehemu ya ufundi wenyewe, maana yalichangia kaboni kwenye chuma. Habari hiyo ikafika kwenye majarida makubwa ya sayansi mwaka 1978. Jiulizeni, wale wazee wangefariki kabla hawajaombwa, nani angetueleza?

Turudi Tindiga. Huku kuna bonde, kuna bwawa, kuna mpunga na mahindi. Wilaya ya Kilosa ina Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, ina Wamasai na Waparakuyo na ng'ombe wao, ina Wasukuma wanaolima kwa maksai. Yaani makumbusho yenyewe inatembea barabarani! Mama wa Kimasai anajua kusafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto ili maziwa yakae bila kuharibika. Msukuma anajua kumfundisha dume kuvuta plau. Wengine wanajua vyungu, mikeka, mizinga ya nyuki.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunakutana kwenye kesi tu. Ng'ombe kaingia shambani, shamba limeziba njia ya kwenda kwenye maji. Kilosa tunajua inapoishia: Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni. Sisemi mikeka na maksai vitamaliza mgogoro wa ardhi. Huo unahitaji mipaka inayoheshimiwa, maji ya mifugo na viongozi wasiopokea chochote chini ya meza. Ila mkulima aliyemwona mfugaji kama fundi, na mfugaji aliyekaa kwa mfinyanzi akajifunza, wanakuwa na la kuongea zaidi ya fidia.

Likifanyika, lisiwe lile la kukaribisha mgeni rasmi, wazee wanacheza juani masaa matatu halafu wanapewa soda. Mambo matatu ni ya lazima. Kwanza, fundi alipwe kama mtaalamu. Pili, wanafunzi washike udongo na ukindu wenyewe, wasiishie kupiga picha. Tatu, mnyama asiteswe ili watu wacheke. Apate kivuli na maji, na mwenyewe awe jirani.

Wateja wapo. Mikumi ni hifadhi ya taifa tangu 1964 na barabara kuu inapita katikati yake. Tangu 2024 treni ya SGR inabeba abiria na Kilosa ina kituo. Mgeni aliyekwisha kuona simba hana ubaya akinunua mkeka kwa mama aliyemwona akiusuka.

Tuanze kidogo: shule moja, Ijumaa moja, wazee watatu. Wewe kijijini kwenu nani bado anajua kufinyanga, kusuka au kufua chuma? Ana mwanafunzi?

Nawakilisha.