Gari likigonga "ko! ko!", usikimbilie shokabsoba

UKIPITA juu ya tuta na kusikia "ko! ko!" chini ya miguu yako, huenda fundi wa kwanza utakayekutana naye akakwambia kwamba shokabsoba zimekufa. Usifungue mkoba bado, msomaji. Mara nyingi mkosaji ni kipande cha mpira kinachoenea kiganjani: bushi.

Bushi ni mpira mgumu uliobanwa kati ya mabomba mawili mafupi ya chuma, dogo ndani ya kubwa. Hukaa kwenye maungio, pale mkono unaoshikilia gurudumu unapofungwa kwenye fremu ya gari. Mpira huo humeza mtikisiko, na papo hapo huuruhusu mkono kupanda na kushuka. Utazipata pia kwenye ule ufito unaozuia gari kulala upande likikata kona, na katika ncha za springi bapa za pick-up.

Mpira huzeeka hata gari likiwa halitembezwi sana. Magari mengi tunayonunua hutoka Japani yakiwa yameshatumika, na sheria yetu huyaruhusu kuingia hadi umri wa miaka 8. Kilomita zinaweza kuwa chache, lakini mpira umekula miaka yote hiyo. Ongeza mashimo ya barabara zetu, na adui mbaya zaidi, oili. Injini ikidondoshea bushi oili, mpira huvimba na kulegea. Fundi akikuwekea bushi mpya na kuiacha oili ikidondoka, jua utarudi kwake karibuni.

Je, utatambuaje? Sikiliza kwanza. Bushi iliyolika hugonga gari likipita polepole kwenye tuta au shimo, au unapokanyaga breki na tena unapoondoka. Usukani nao hulegea, ukawa unausahihisha kila mara hata barabara ikiwa imenyooka. Gari likivutwa upande mmoja kila ufungapo breki, chukulia jambo hilo kwa uzito, hasa ukiwa umebeba watoto, kwa kuwa gurudumu halishikiki tena mahali pake. Tazama pia tairi za mbele: zikilika upande wa ndani pekee, bushi ni miongoni mwa washukiwa.

Ipo njia rahisi ya kupima. Mahali palipo tambarare na pasipo na watu, mpe usukani mtu mwenye leseni, aendeshe kwa mwendo wa kutambaa kisha akanyage breki. Wewe simama kando, mbali na njia ya gari, utazame nafasi kati ya tairi na bodi. Gurudumu likirudi nyuma au kwenda mbele waziwazi, kuna maungio yaliyolegea. Na ikiwa unasikia mlio wa "kwii" badala ya mgongo, nyunyizia bushi maji ya sabuni, moja baada ya nyingine, gari likiwa limezimwa, kisha litikise. Ile itakayonyamaza ndiyo yenyewe. Usipake grisi ya kawaida. Itanyamazisha mlio lakini itaula mpira.

Kwenye gereji, gari liinuliwe na kuwekwa juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi mtu kuingia chini. Fundi atumie mtaimbo kuusukuma mkono polepole. Nyufa ndogo za juu juu si hoja. Mpira uliochanika hadi ndani, au uliobanduka kwenye chuma, ndio wa kubadilishwa. Akague pia boljointi na linki, kwani nazo hugonga vivyo hivyo.

Sasa kazi yenyewe. Bushi kuukuu itolewe kwa presi. Nyundo hupinda mkono na kuharibu bomba la bushi mpya hata kabla halijaona barabara. Baadhi ya bushi zina matundu yanayopaswa kuelekea upande maalumu, kwa hivyo fundi aweke alama kabla ya kung'oa. Uliza pia bei ya mkono mzima wenye bushi na boljointi yake. Kwa magari mengine tofauti si kubwa ukijumlisha ufundi.

Kazi nyingi huharibikia kwenye kukaza bolti. Bomba la ndani la bushi halizunguki. Mkono ukipanda au kushuka, ni mpira unaojipinda. Fundi akikaza gurudumu likiwa linaning'inia hewani, mpira hushikwa katika mkao huo. Gari likishushwa, mpira hubaki umesokotwa usiku na mchana, hata limeegeshwa, na huchanika mapema. Kisha lawama humwendea mwenye duka la Kirinyaga Road kwamba aliuza bandia! Bolti zifungwe kwa kulegezwa, gari lishushwe likanyage chini kwa magurudumu yake yote, ndipo zikazwe kabisa. Simama hapo hapo uhakikishe.

Badilisha za kulia na za kushoto pamoja. Zile za poliurethani hudumu zaidi, ila ni ngumu, na gari la familia litatikisika zaidi. Kwangu mimi, mpira mzuri watosha. Ukitoka hapo nenda moja kwa moja ukapimiwe alaimenti, kabla tairi hazijaanza kulika tena.