Je, Wajua? Msimu Hasheem Thabeet Alipotawala Big East

Je, wajua kwamba Mtanzania aliwahi kuwa mchezaji bora wa mwaka katika ligi ngumu kuliko zote za kikapu cha vyuo vikuu Marekani? Ni Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, na msimu wenyewe ni wa 2008–09, alipokuwa senta wa Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho wapenzi wa mchezo hukiita UConn. Ligi yenyewe ni Big East, na tuzo hiyo aligawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Huyo Blair tutakutana naye tena.

Je, wajua kwa nini nasema ngumu kuliko zote? Mashindano ya taifa ya vyuo, yaani NCAA, hugawanywa katika kanda nne, na kila kanda ina timu moja inayopangwa namba 1. Mwaka 2009, timu tatu kati ya hizo nne zilitoka Big East: Louisville, Pittsburgh na UConn. Ya nne ilikuwa North Carolina, ambao ndio walioondoka na kombe.

Je, wajua UConn iko wapi? Haiko New York wala Boston. Iko Storrs, mji mdogo wenye mashamba pande zote, na chuo chenyewe kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo.

Je, wajua kuwa Thabeet alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15? Wengi aliokutana nao Marekani walikuwa wameushika mpira tangu utotoni. Yeye alitoka Dar, akapitia Kenya, akavuka hadi Marekani na kumalizia sekondari Houston, Texas. Mwaka 2006 akaingia UConn. Msimu tunaousimulia ulikuwa wake wa tatu na wa mwisho pale.

Urefu wake? Mita 2.21.

Je, wajua takwimu zake za msimu huo? Kwa wastani, kila mchezo alifunga pointi 13.6, akadaka ribaundi 10.8 na kuzuia mitupo 4.2. Hiyo namba ya mwisho ndiyo ya kushangaza zaidi. Kuzuia mtupo kuna sheria yake: lazima uuguse mpira ungali unapanda. Ukishaanza kushuka kuelekea kikapuni nawe ukaugusa, pointi zinahesabiwa kana kwamba umeingia. Kwa hiyo urefu peke yake hautoshi. Unahitaji kusoma mwili wa mtupaji na kuruka kwa wakati wake. Tena takwimu hazihesabu mitupo ambayo haikutupwa kabisa, pale mchezaji wa timu pinzani alipopenya hadi chini ya kikapu, akamwona Thabeet, akageuka na mpira wake. Wapinzani waligeuka hivyo msimu mzima.

Je, wajua kuwa tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akadaka ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10? Kufikisha tarakimu mbili katika mambo matatu ndani ya mchezo mmoja ni nadra. Kufanya hivyo kwa mitupo iliyozuiwa ni nadra zaidi.

Je, wajua yaliyompata ndani ya siku tatu za Februari? Jumamosi tarehe 14, ugenini kwa Seton Hall, alifunga pointi 25, akadaka ribaundi 20 na kuzuia mitupo 9. UConn walikuwa namba 1 nchini. Jumatatu tarehe 16 wakawakaribisha Pittsburgh mjini Hartford. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, anatimiza miaka 22. Blair, aliyemzidi kwa ubavu lakini akiwa mfupi kwake kwa zaidi ya sentimita 20, alianza kumsukuma tangu mwanzo, na katika kugombea mpira mmoja akambeba begani na kumwangusha chini. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh wakashinda 76–68, na hiyo ilikuwa mara yao ya kwanza katika historia kuifunga timu inayoshika namba 1.

Wapo wanaoutumia mchezo huo kumpima Thabeet. Mimi naona hawamtendei haki. Msimu ule ulikuwa na michezo 36, na UConn walishinda 31 kati ya hiyo.

Je, wajua kuwa wiki moja na ushei baada ya kipigo hicho, tarehe 25 Februari, kocha Jim Calhoun alifikisha ushindi wa 800 katika maisha yake ya ukocha? Ulikuwa ugenini kwa Marquette, 93–82, na mchezeshaji wake, A.J. Price, alifunga pointi 36.

Je, wajua Price alikuwa nani? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kila nikiifikiria timu hii, yeye ndiye ninayemstaajabia kuliko wote. Mwaka 2004, akiwa mwanafunzi mpya, alivuja damu kwenye ubongo akaponea chupuchupu. Alikaa misimu miwili bila kucheza. Akarudi. Machi 2008, katika raundi ya kwanza ya NCAA dhidi ya San Diego, goti lake likachanika, na UConn wakatolewa kwa tofauti ya pointi moja. Akarudi tena. Msimu wa 2008–09 ndiye aliyeiongoza timu, na alipoifikisha nusu fainali ya taifa akatangazwa mchezaji bora wa Kanda ya Magharibi.

Na je, wajua kuwa baba yake, Tony Price, naye alicheza nusu fainali ya taifa, mwaka 1979, akiwa na chuo cha Pennsylvania? Alitolewa na Michigan State, timu ya Magic Johnson, kwa 101–67. Miaka 30 baadaye mwana alifika hatua ileile. Aliyemtoa? Michigan State.

Je, wajua mchezo uliochukua dakika 70? Mchezo wa kikapu vyuoni una dakika 40, na sare huongezewa dakika tano tano. Alhamisi tarehe 12 Machi 2009, UConn na Syracuse walikutana kwenye robo fainali ya Big East katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Mpira ulianza baada ya saa tatu na nusu usiku. Hadi dakika ya 40, ngoma sare, 71–71. Eric Devendorf wa Syracuse akatupa kutoka mbali, mpira ukaingia, akapanda juu ya meza ya waandishi kushangilia. Waamuzi wakatazama picha: muda ulikwisha mpira ungali kwenye ncha za vidole vyake. Kikapu kikafutwa.

Wakaongezewa dakika tano. Sare. Tano nyingine. Sare. Ikawa hivyo mara tano, na katika nyongeza zote hizo Syracuse hawakuwahi kuongoza hata kwa sekunde moja. Kila mara walikuwa wa kusawazisha. Wachezaji wanane, kutoka timu zote mbili, walitolewa kwa kufikisha faulo tano. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67. Mwanzoni mwa nyongeza ya sita Andy Rautins akafunga pointi tatu, Syracuse wakaongoza kwa mara ya kwanza, na safari hii hawakushikika tena: 127–117. Price alikuwa na pointi 33, Stanley Robinson 28, Thabeet 19 na ribaundi 14. Saa za New York zilisoma saa saba na dakika 22 usiku. Dar es Salaam ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi imeshapita, watu wako makazini.

Je, wajua kuna mchezo mmoja tu wa vyuo vikuu vya daraja la juu ulioupita huo kwa nyongeza? Cincinnati na Bradley, Desemba 1981, nyongeza saba. Ila ule uliisha 75–73, enzi ambazo timu ingeweza kukaa na mpira ipendavyo bila saa ya kuilazimisha itupe.

Je, wajua UConn walivyojibu? Wiki moja baadaye, kwenye NCAA, waliwafunga Chattanooga 103–47, huku Calhoun akiwa hospitalini kwa kupungukiwa maji mwilini na msaidizi wake George Blaney akisimama benchini. Texas A&M wakafuata, kisha Purdue, kisha Missouri. Tarehe 4 Aprili, kwa nusu fainali, wakaingia uwanja wa Ford Field, Detroit, mbele ya watu zaidi ya 72,000. Michigan State wanatoka mji usiofika kilomita 150 kutoka hapo, na uwanja ulikuwa wao. Wakashinda 82–73.

Je, wajua nani alikuwa chipukizi katika kikosi hicho? Kemba Walker. Miaka miwili baadaye aliipa UConn ubingwa wa taifa.

Je, wajua kuwa kabla ya Thabeet kulikuwa na Dikembe Mutombo, wa Kinshasa, aliyeichezea Georgetown katika Big East hiyohiyo na mwaka 1990 akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ulinzi na mwenzake Alonzo Mourning? Thabeet aliitwaa tuzo hiyo mara mbili mfululizo, 2008 na 2009.

Na tarehe 25 Juni 2009, Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika usajili wa NBA, nyuma ya Blake Griffin, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. DeJuan Blair alisubiri hadi nafasi ya 37.