Jiko la Peleti Likitoa Moshi, Tazama Nini?

Ndugu mkulima, watu wanaokuja ofisini kuuliza habari za mbegu na mbolea siku hizi huuliza pia habari za jiko la peleti. Mmoja alitoka Lugari na jiko lake ndani ya gunia, akaliweka juu ya meza yangu akasema, "Mwalimu, chombo hiki kimekula pesa za mahindi yangu, na mama watoto amekwisha kurudi kwenye mafiga." Tukalitazama. Jiko lilikuwa zima kabisa. Peleti zake ndizo zilizokuwa zimevuta maji. Kwa ajili yake na wengine wa Mautuma, Chekalini na Likuyani wenye taabu kama hiyo, nimeona yafaa nieleze jinsi jiko hili linavyofanya kazi, maana asiyejua kazi yake hawezi kujua ugonjwa wake.

Peleti ni vumbi la mbao au makapi ya miwa yaliyokaushwa, yakasagwa, kisha yakashindiliwa kwa mashine mpaka yakawa vidonge vigumu vya unene wa milimita 6 hadi 8. Kwa kawaida hazitiwi gundi. Ndani ya mti mna kitu kiitwacho lignini, nacho hulainika kwa joto la mashine na kukishika kidonge kisivunjike.

Katika mafiga kuni huwaka chini na moshi hupanda. Jiko la peleti huwashwa juu, na moto hushuka polepole kama katika mshumaa. Feni ndogo iliyo chini hupuliza hewa kwa njia mbili. Hewa kidogo hupita katikati ya peleti. Haitoshi kuziunguza, ila huzifanya zipate moto mpaka zitoe gesi. Hewa nyingine hupanda katikati ya kuta mbili za jiko, hupata joto njiani, kisha hutokea katika matundu madogo karibu na ukingo. Hapo gesi hukutana nayo ikawaka. Basi mwali unaouona ni wa gesi, si wa kuni zenyewe, na moshi ni gesi ile ile iliyokosa kuwaka. Kila moshi unaouona ni joto ulilolinunua linalopotea, tena linaingia vifuani mwa mpishi na watoto. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, ambayo hasa ni moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Sasa swichi ya kuzungusha. Wengi hudhani ni kama ya jiko la gesi, kwamba ukizungusha unaongeza kuni. La. Kuni zote umekwisha kuzitia tangu mwanzo. Swichi huongeza upepo wa feni tu. Upepo ukizidi, peleti hutoa gesi upesi, mwali hukua, na peleti huisha mapema. Upepo ukipungua, mwali huwa mdogo nao hudumu. Kibuyu ni kimoja. Ni wewe utakayesema maji yamwagwe kwa pupa au kwa kiasi.

Kwa hiyo mpishi wa maharagwe asiache swichi juu tangu mwanzo hata mwisho. Hapa Kakamega tuko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka yakifikia nyuzi 95 hivi, si 100 kama pwani. Yakiisha kuchemka hayapati moto zaidi hata uyapulize namna gani. Yatageuka mvuke tu. Anza kwa moto mkubwa, sufuria ikichemka ufunike, kisha shusha swichi mpaka mahali ambapo maji yanachezacheza. Maharagwe yataiva kwa muda ule ule na peleti zitatosha. Ukiyaloweka usiku kucha ni bora zaidi. Ugali ni jambo jingine, wataka nguvu mpaka mwisho wa kusonga. Lakini jiko hili ni refu na jembamba, nami nimeona sufuria ya ugali ikielekea kuanguka kwa mwiko wa mtu mwenye haraka. Liweke mahali palipo sawa, na mtu mwingine ashike sufuria.

Moshi ukitokea wakati wa kuwasha, kwanza tazama umejaza kiasi gani. Peleti zisizibe matundu ya juu. Ziache chini yake upana wa kidole. Weka juu yake vijiti vikavu au maganda makavu ya mahindi, washa, ngoja yashike, ndipo ufungue feni kidogo. Ukiifungua kwa nguvu mara moja, upepo huuzima mwali mchanga. Usimimine petroli wala mafuta ya taa juu ya moto uliokwisha kuwashwa.

Moshi ukitokea katikati ya mapishi, mara nyingi mwali umezimika na gesi inaendelea kutoka. Shusha feni, ondoa sufuria, kisha ingiza kijiti kirefu chenye moto pale juu. Simama kando, usiinamie, kwani gesi hushika kwa kishindo. Tena usiongeze peleti mbichi juu ya moto ungali unawaka. Huo ndio mwanzo wa moshi katika nyumba nyingi: mpishi aona peleti zinapungua, atupa kikombe kingine juu, moto wafunikwa, nyumba yote yajaa. Kama chakula ni cha muda mrefu, malizia kwenye jiko la upesi. Kwa sababu hiyo mimi sikushauri kulitupa jiko lako la upesi. Vigunzi vya mahindi navyo vipeleke huko, maana katika jiko la peleti hewa hupita ovyo katikati yake.

Mwali ukiwa mrefu, wa manjano, na sufuria ikapata masizi, matundu ya juu yameziba. Yazibue kwa msumari mwembamba jiko likiisha kupoa. Moto ukiwa dhaifu ingawa swichi iko juu, tazama betri kwanza, kisha paneli ya sola, isije ikawa imefunikwa na vumbi au kivuli cha mparachichi. Mwisho pindua jiko utazame mahali feni inapovutia hewa. Nimekuta humo manyoya ya kuku, na mara moja nyumba ya nyigu wa udongo.

Lakini taabu kubwa kupita zote ni unyevu. Wewe wajua kwamba ghala la nafaka hukataa mahindi yaliyozidi unyevu wa asilimia 13.5. Peleti zataka ukavu kupita huo, yaani asilimia 10 au chini yake. Peleti njema hung'aa, nayo ukiivunja hulia "ta!" Iliyovuta maji huvimba, huwa nyepesi, hubomoka mkononi ikawa vumbi tena, wala huwezi kuirudisha kwa kuianika. Yule bwana wa Lugari aliweka gunia lake juu ya sakafu ya saruji, likiegemea ukuta, wakati wa mvua ndefu. Weka peleti juu ya mbao, mbali na ukuta, kama uwekavyo mahindi, na za juma moja uzitie katika debe lenye kifuniko. Vumbi lililo chini ya gunia lichekeche ulitoe, kwa sababu huziba njia ya hewa.

Peleti za makapi ya miwa zina majivu mengi kuliko za mbao, na moto ukiwa mkali sana majivu hayo huyeyuka na kuganda kama mavi ya chuma. Yabandue kila siku kabla hujajaza tena. Zinunue kidogo kwanza, uzijaribu, kabla ya kununua gunia.

Neno moja nakuomba ulishike kabisa. Mwishoni gesi ikiisha, moshi hukoma na hubaki makaa mekundu mazuri. Hapo ndipo watu hulichukua jiko na kuliingiza chumba cha kulala, hasa mwezi wa Julai wakati wa baridi. Makaa hayo hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mlango ukifungwa huua watu usingizini. Mimi mwenyewe nililiweka karibu na kitanda jioni moja. Niliamka kichwa kikiniuma, miguu haina nguvu, nikatambaa mpaka mlangoni. Makaa yamwage nje katika debe la bati, ulifunike kabisa mpaka yazimike. Kesho yake utayatumia katika jiko la makaa, huko huko nje.