Kikorea cha mlimani: wanaandika hivi, wanasoma vile



Leo naongea na vijana wenzangu wa mlimani, waongozaji na wagumu. Wageni kutoka Korea Kusini wanapanda Kilimanjaro, na wengi wetu tunajua "annyong haseyo" basi. Sasa mgeni akikaa kimya pale Barafu, juu ya mita 4,600, salamu haisaidii. Inabidi umuulize: "Mori aphayo?" Yaani, kichwa kinauma? Asipokuelewa, utajuaje kama ni uchovu tu au hewa ya juu imemzidi?

Mimi nimeishia fomu foo, Kikorea najisomea mwenyewe kwenye intaneti. Maandishi yao hayatishi: mfalme Sejong aliyatangaza mwaka 1446, na herufi za msingi ni 24 tu. Kimbembe ni matamshi. Sisi tunasema "mtu mrefu" lakini "njia ndefu". R imekutana na n ikageuka d, na tunaandika d. Kwao sauti inageuka, herufi inabaki vile vile.

Haya, twende kazi:

1. P, t au k ya mwisho wa silabi ikikutana na n au m, inapita puani. Asante inaandikwa "kamsahap-nida", inasomwa "kamsahamnida".

2. Konsonanti ya mwisho inahamia kwenye irabu inayofuata. Tena l na r kwao ni herufi moja: mwishoni inasikika l, kati ya irabu inasikika r. Maji ni "mul". Lakini "maji hakuna" ni "muri opsoyo", siyo "mul-i".

3. Usibandike irabu mwishoni. Sisi klabu tunaifanya kilabu, halafu na "mul" tunaifanya "mulu". Ulimi ugote juu, uishie hapo. Wala usikaze silabi ya pili kutoka mwisho kama kwenye Kiswahili.

4. Angalia pumzi. "Bul" ni moto, "phul" ni majani, "ppul" ni pembe. Weka karatasi mbele ya mdomo: kwenye "phul" itikisike, kwenye "ppul" itulie, "bul" iko katikati. Hii ndiyo muhimu kuliko zote, maana "apha" ni inauma, na "appa" ni baba! Ukibana pumzi umemuulizia mzee wake.

Kwenye "mori", ile o usiiviringie midomo, iache kati ya a na o.

La mwisho, jibu lake. Akisema "ne", siyo nne wala hapana. Ni ndiyo. "Aniyo" ndiyo hapana. Kwa hiyo ukisikia "ne", acha kumhimiza apande, mwambie kiongozi wa msafara hapo hapo.

Mwenye nyongeza atiririke. Tupo pamoja.